Anailaani laini yake kila jioni, lakini haitoi kwenye simu

Saa mbili usiku mtaa wa Mabatini, jijini Mwanza. Bando lipo, 4G inaonekana juu ya kioo, na video bado inazunguka tu. Mwenye simu anaulaani mtandao wake, anaomba hotspoti kwa jirani, na kesho yake asubuhi ananunua bando lile lile kwenye laini ile ile. Ukimuuliza mbona hahami, atakujibu: "Namba yangu wanayo watu wengi."

Jibu hilo lilikuwa na nguvu mpaka tarehe 1 Machi 2017. Siku hiyo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilianzisha utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba: 0754 yako inabaki 0754 hata kama inayoihudumia sasa ni kampuni nyingine. Miaka imepita, na waliohama kwa njia hiyo bado ni wachache sana ukilinganisha na laini zilizopo nchini. Kwa hiyo namba peke yake siyo kamba iliyowafunga watu. Kamba yenyewe ni vitu vilivyotundikwa kwenye namba.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Tukisema "mtandao" tunataja vitu vitatu kwa mpigo: bando la intaneti, namba ya kupigiwa, na akaunti ya pesa. Mtu anaposema amechoka na mtandao, mara nyingi amechoka na bando tu. Lakini akifikiria kuhama anaviona vyote vitatu vikihama pamoja, anaishiwa nguvu. Kila kimoja kina kufuli lake, na kufuli la pesa ndilo zito kuliko yote.

Pesa haifuati namba

M-Pesa ni ya Vodacom, Airtel Money ni ya Airtel, Mixx ni ya Yas (ile iliyokuwa Tigo mpaka Novemba 2024), Halopesa ni ya Halotel, T-Pesa ni ya TTCL. Ukihamisha namba, akaunti ya pesa haiendi nayo. Ile ya zamani inafungwa, na kwenye mtandao mpya unafunguliwa nyingine, tupu, isiyo na historia.

Hiyo historia ndiyo mali. Mikopo midogo ya kwenye simu, ile ya kukamilisha malipo salio linapopungua na ile ya kurejesha kwa wiki au mwezi, hupimwa kwa mwenendo wako: umepokea kiasi gani, umetuma mara ngapi, umerudisha kwa wakati au umekimbia. Mama anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba na kuwapeleka sokoni Igoma huanza na kikomo kidogo, kikapanda kidogo kidogo kwa miaka. Akihama leo, kesho ni mgeni. Mtandao mpya haujui kwamba hajawahi kuchelewesha deni. Kwa mtu wa namna hiyo, kuvumilia video inayokwama ni hesabu, wala si uzembe.

Halafu kuna wakala. Mjini, Nyamagana na Ilemela, wakala wengi wana simu tatu nne mezani, kila moja na laini yake ya uwakala, kwa hiyo mteja wa mtandao wowote anatoa pesa. Nenda kwenye mwalo mdogo, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, kwenye visiwa vya Ukerewe, Kome au Maisome, hali inabadilika. Mitumbwi ikishatia nanga na wanunuzi wakianza kulipa, kila mtu anataka kutoa pesa saa ile ile, na wakala aliyepo huwa na laini ya uwakala ya mtandao mmoja, ule unaotumiwa na wengi pale. Mwenye laini nyingine ataambiwa, "Kaka, ya huko sina." Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi wa samaki huwa "una laini gani?" Bei hufuata baadaye. Anayeuza hachagui mtandao kwa kasi ya intaneti. Anachagua ule ambao pesa yake itatoka.

Ni kweli kwamba siku hizi pesa inavuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, TIPS, umerahisisha sana. Kuvuka kunawezekana, ila makato hayalingani, na mtumaji akishazoea kutuma ndani ya mtandao mmoja hapendi kufikirishwa. Kuna na mtego mwingine ambao namba zilizohama zimeuleta. Tumezoea kusoma mtandao kwenye tarakimu za mwanzo: 074, 075 na 076 ni Vodacom, 065, 067 na 071 ni Yas, 068, 069 na 078 ni Airtel, 061 na 062 ni Halotel, 073 ni TTCL. Namba iliyohama inavunja mazoea hayo. Menyu ya "tuma mitandao mingine" inapomtaka mtumaji achague mtandao wa anayepokea, atachagua kwa kuangalia tarakimu, na kwa namba iliyohama atakuwa amekosea. Hapo muamala hukataa, na lawama inamwangukia mwenye namba. Dawa ni ndogo: mtumaji asiweke namba ya siri kabla jina la mpokeaji halijajitokeza kwenye kioo. Jina lisipotokea, au likitokea la mtu mwingine, aache.

Ukiamua kuhama kweli

Utaratibu unaanzia kwenye mtandao unakokwenda, siyo unakotoka. Wengi hukosea hapa: wanakwenda kuaga, wanakutana na mhudumu mpole mwenye ofa, wanarudi nyumbani na bando la bure la wiki moja. Nenda moja kwa moja kwenye duka au kwa wakala anayetambulika wa mtandao mpya, ukiwa na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kidole chako na simu yenye laini ya zamani ikiwa hewani. Utasajiliwa kwa alama za vidole, kisha kwa laini ya zamani utatuma neno HAMA kwenda 15080. Utapokea majibu, utapewa laini mpya, na ya zamani itaendelea kufanya kazi kwa muda. Siku itakapopoteza mtandao ghafla, usiogope, ndiyo dalili kwamba namba imevuka. Hapo weka laini mpya.

Yanayoharibika huharibika kabla ya hapo. Toa pesa yote kwenye akaunti ya zamani, mpaka senti ya mwisho inayoweza kutoka. Lipa deni la salio la kukopa na mkopo wa pesa. Tumia bando lililobaki au mgawie mtu, kwa sababu bando na salio havihami. Kama unapokea michango ya kikoba kwa namba hiyo, wape wenzako tarehe ili mtu asitume katikati ya safari.

Angalia pia majina ya simu. Watu wazima wengi bado wana majina yaliyohifadhiwa kwenye laini yenyewe tangu enzi za kitochi, simu ndogo ya vitufe. Laini ikikatwa na kutupwa, fundi, mchungaji, mwenye nyumba na shangazi wa Magu wote wamekwenda nayo. Fungua orodha ya majina, tafuta sehemu ya kuingiza na kutoa, hamisha kutoka laini kwenda kwenye simu au akaunti ya Google. Ni kazi ya dakika mbili.

Kikwazo kinachowarudisha wengi dirishani ni jina la usajili. Usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, namba za NIDA zilikuwa hazijawafikia wote. Watu wakasajiliana: laini ya mama kwa kidole cha mtoto, laini ya dereva kwa kidole cha bosi, laini ya mke kwa jina la shemeji. Leo mama anakwenda kuhama, mfumo unasema namba si yake, na ni kweli si yake. Kabla ya kupoteza nauli, piga *106# kwenye laini hiyo uone jina gani linatokea. Kama si lako, maliza kwanza kubadilisha umiliki kwenye mtandao wa zamani, na aliyesajili awepo.

Hiyo *106# ina kazi nyingine. Wauza laini wanaokaa chini ya mwavuli, stendi ya Nyegezi au pembeni ya soko, wengi ni vijana waaminifu wanaotafuta riziki. Wachache hukwambia "kidole hakijasoma, rudia," na kile cha pili kinasajili laini nyingine ambayo hutaiona kamwe. Kila kidole kinachokubali lazima kilete ujumbe wa usajili. Ukirudia kidole mara tatu na kupewa laini moja, angalia siku hiyo hiyo ni namba ngapi zina jina lako, na usiyoitambua itolee taarifa.

Jambo la mwisho kwenye kuhama ni benki. Kama unatumia benki ya simu, usishangae huduma ikisimama laini mpya ikiingia. Mifumo mingi ya benki inatambua kwamba kadi ya laini imebadilika na inasubiri uthibitishe kwamba ni wewe, siyo tapeli aliyeiba namba. Kwa hiyo usihame Ijumaa jioni ukiwa na karo ya kulipa Jumatatu asubuhi. WhatsApp yenyewe haiguswi, maana namba ni ile ile.

Jiwe, bati na maji

Tuseme pesa umeipangia. Bado kuna sababu ya pili ya kusita, na hii ina haki kabisa: hujui kama unakokwenda ni kuzuri mpaka ufike. Unga unaweza kuupima kwa kidole dukani. Mtandao wa Igoma haupimwi Kirumba.

Mwanza inafanya jambo hili kuwa gumu kuliko miji ya tambarare. Nyumba za Mabatini, Igogo na Isamilo zimepanda katikati ya miamba ya matale, na jiwe la ukubwa wa nyumba linazuia mawimbi ya redio kama ukuta. Nyumba mbili zilizoachana hatua thelathini zinaweza kuona minara tofauti. Ya juu inaona mnara ng'ambo ya bonde, ya chini imejificha nyuma ya mwamba na inapata mabaki. Ongeza paa la bati, na chumba cha ndani kinakuwa kibaya kuliko barazani. Kwa hiyo jirani akikuapia kwamba mtandao fulani "unakimbia", amesema kweli, ila ya kwake.

Ziwani mambo yanageuka. Maji hayazuii mawimbi, ndiyo maana ukiwa kwenye meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, unaweza kuona vijiti vya mtandao vimejaa mbali na nchi kavu, na ujumbe usiende. Mnara unatoa nguvu kubwa, simu yako inausikia. Lakini simu ikiwa kwenye 4G inajibu kwa takriban wati 0.2 tu, na mnara hauisikii. Simu ya 2G kwenye masafa ya chini inaweza kutoa hadi wati 2, na hapo ndipo siri ya mvuvi inapojificha: kitochi chake kinapiga simu mahali ambapo simu janja ya abiria inazunguka tu. Visiwani kuna suala la ziada. Mnara wa kisiwa unapeleka mzigo wake bara kwa mawimbi ya redio kutoka dishi hadi dishi, mara nyingi bila mkongo (waya wa nyuzi za kioo), kwa hiyo vijiti vinaweza kujaa huku njia ya kutokea ikiwa nyembamba. Na palipo na mnara wa kampuni moja tu hakuna cha kuhamia. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ilisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini Mei 2023, na kwa baadhi ya vijiji mnara wa namna hiyo ndio uliofanya swali la kuchagua liwepo.

TCRA hupima ubora wa huduma na kutoa matokeo kwa mikoa. Yasome, yanafaa kujua nani amezembea. Lakini wastani wa mkoa hauujui mwamba ulio nyuma ya nyumba yako. Pima mwenyewe, na upime hivi.

Usipime mara moja. Vijiti vinaonyesha nguvu ya mawimbi, havionyeshi foleni. Mnara ni kama daladala: unaweza kusimama mbele yako kabisa na usipate kiti. Pima saa 4 asubuhi, saa 2 usiku, na Jumapili mchana, kwenye kiti na kitanda unachotumia siku zote. Wanaokaa hosteli za wanafunzi huko Malimbe wapime muhula ukiwa umefunguliwa. Mnara wa wakati wa likizo na wa wiki ya mitihani si mmoja kwa mzigo. Ukitumia programu ya kupima kasi, kumbuka inakula bando: mtandao wa megabiti 40 kwa sekunde, ukipimwa sekunde 10, unameza takriban MB 50 kwa upande wa kupakua peke yake. Kwa hiyo mara tatu zinatosha, usipime kama mchezo.

Ukiwa na simu ya Android, ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Kwenye 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, -115 ni kubahatisha. Ikiwa nguvu ni -85 na kasi ni mbovu usiku tu, tatizo ni foleni, na kampuni nyingine inaweza kukufaa. Ikiwa ni -115 kutwa nzima, sogea dirishani kwanza kabla hujamlaumu mtu.

Kumbe ni simu

Sehemu kubwa ya majaribio ya mtandao mpya hufa hapa, na mtandao hauna kosa.

Simu nyingi za bei ndogo zenye laini mbili haziyatendei matundu yote sawa. Kwa baadhi ya simu za zamani, laini moja ikiwa 4G, ya pili inashushwa hadi 2G. Mtu ananunua laini mpya ya majaribio, anaiweka tundu la pili, inakwenda kama konokono, anaitupa. Laini ya kujaribu iweke tundu la kwanza, au nenda kwenye mipangilio ya laini uchague ndiyo ya intaneti, kisha hakikisha aina ya mtandao imewekwa 4G. Simu nyingine tundu la pili ni la kuchagua, laini au memori kadi. Ukitoa memori kadi, picha za harusi ziondoke salama kwanza.

Simu nyingi za laini mbili pia zina redio moja. Ukiongea kwa laini ya kwanza, intaneti ya laini ya pili inakatika mpaka ukate simu. Huo si ubovu wa mtandao, ndivyo simu hizo zilivyoundwa. Baadhi zina kitufe cha kuruhusu intaneti wakati wa maongezi, kitafute.

Kuna suala la masafa. Mwaka 2022, mwezi Oktoba, TCRA ilipiga mnada masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500 MHz, na kampuni zikapata nafasi mpya ya kupumulia. Simu isiyo na masafa hayo haiingii kwenye barabara mpya, inabaki kwenye ile ya zamani iliyojaa. Mtaa ule ule, mtandao ule ule, simu mbili, kasi mbili. Kabla ya kununua laini kwa ajili ya kasi, azima simu ya mwenye mtandao huo kwa dakika tano, kisha weka laini yake kwenye simu yako. Ukiona tofauti, pesa yako inahitajika kwenye simu.

Laini mpya ikikubali kupiga lakini intaneti ikakataa, kwa kawaida ni APN, yaani mipangilio inayoiunganisha simu na intaneti ya kampuni. Piga 100, huduma kwa wateja, omba mipangilio itumwe, au iandike mwenyewe kama watakavyokutajia, kisha zima na washa simu. Rauta na modemu zinazouzwa na kampuni za simu ni habari nyingine: nyingi zimefungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine, na bei yake ya chini ndiyo inayolipia kufuli hilo. Ukiambiwa kifurushi cha nyumbani ni "bila kikomo", uliza maswali mawili tu: baada ya GB ngapi kasi inapunguzwa, na inapunguzwa mpaka ngapi.

Bei zisizolinganishika

Bando la saa 24, la wiki, la usiku, la chuo, lenye dakika, lenye SMS, la mitandao ya kijamii peke yake, na lile la "ofa yako" ambalo jirani halioni kwenye menyu yake. Mtu akishindwa kujua kama anakokwenda ni nafuu, habanduki. Mwaka 2021 TCRA iliweka mipaka: bei ya MB moja kati ya shilingi 2.03 na 9.35, yaani GB moja kati ya takriban 2,080 na 9,575. Ni uwanja mpana sana, na ndani yake kila kampuni inacheza.

Hesabu ya kufanya si bei kugawanya kwa MB ulizouziwa, ni kugawanya kwa MB ulizotumia. Tuseme bando la siku ni shilingi 1,000 kwa MB 400, na la wiki ni 5,000 kwa GB 1.8. Kwenye menyu la siku ni 2.50 kwa MB, la wiki ni karibu 2.70, kwa hiyo la siku linaonekana nafuu. Lakini wewe unatumia MB 250 kwa siku, zilizobaki zinakufa usiku wa manane. Umelipa shilingi 4 kwa MB, na kwa siku saba umetoa 7,000 kwa MB 1,750 ambazo bando la wiki lingezibeba zote kwa 5,000. Wengi wanaodhani wanahitaji mtandao mwingine wanahitaji bando la muda mwingine. Fungua kwenye simu yako matumizi ya data ya mwezi, ugawe kwa 30, ndipo uangalie menyu yoyote.

Hapa tuseme wazi pia: bando la siku halinunuliwi kwa kutojua hesabu. Linanunuliwa kwa sababu shilingi 1,000 ndiyo iliyopo mfukoni asubuhi, na 5,000 haipo.

Wanaohama nusu

Zamani mtu alishika laini tatu kwa sababu kupiga nje ya mtandao kulikuwa ghali. Gharama ambayo kampuni hulipana kwa dakika ya simu inayovuka ilikuwa shilingi 15.60 mwaka 2018, ikashuka hadi 2 mwaka 2022, na dakika za "mitandao yote" zikawa kitu cha kawaida kwenye bando. Sababu ile imekwisha, tabia imebaki, na imepata kazi nyingine: laini ya zamani inabaki na namba na pesa, laini mpya inabeba bando peke yake.

Kwa wakazi wengi wa Mwanza huo ndio uhamaji ulio sahihi, na ni ajabu kwamba hautajwi kama uhamaji. Hukuti kikomo cha mkopo kikirudi sifuri, wala hulazimiki kumtangazia mtu namba mpya. Hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Katika nchi ambayo "ile hela tuma kwenye namba hii" ni utapeli unaojulikana na kila mtoto, ujumbe wa "jamani hii ndiyo namba yangu mpya" unasomwa na nusu ya watu kama wizi, na nusu nyingine hawausomi.

Kinachowazuia wengi kuhama nusu ni kudhani kwamba WhatsApp lazima itumie bando la laini iliyosajiliwa nayo. Haijali. Imesajiliwa kwa namba ya zamani, na intaneti inapokea kutoka laini yoyote au Wi-Fi yoyote. Ikikuuliza kama umebadilisha namba baada ya kuweka laini nyingine, jibu hapana, uendelee. Kwenye mipangilio chagua laini ya zamani kwa simu na SMS, mpya kwa data, na zima ruhusa ya simu kubadilisha laini ya data yenyewe, vinginevyo itarudi kwenye laini ya zamani mtandao ukiyumba na kula salio la kawaida. Kama simu ina tundu moja, laini ya pesa inakaa vizuri tu kwenye kitochi, kwa sababu menyu za nyota kama *150*00# au *150*60# hazihitaji intaneti.

Laini iliyobaki kwa ajili ya pesa isiachwe ilale. Isipotumika kwa miezi inafungwa, na baadaye namba hiyo anaweza kupewa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea simu zako na namba za uthibitisho za akaunti ulizosahau kuzibadilisha. Weka salio dogo, piga simu moja kila mwezi. Na siku ukiamua kuiacha kabisa, anza na benki, kisha barua pepe, kisha WhatsApp kwa kutumia sehemu yake ya kubadili namba, kisha kikoba. Laini yenyewe iwe ya mwisho kutoka kwenye simu.